Paa Livujalo Bila Mvua

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Wanafunzi wetu huinukuu methali hii katika insha zao kila mwaka, na aghalabu huitolea mfano wa rafiki msaliti au wa ndugu anayemchimbia nduguye kisima. Leo ningependa kuitolea mfano mwingine, ambao sijauona katika vitabu vyetu vya darasani: mfano wa paa la nyumba katika nchi zenye majira ya theluji. Huko paa huweza kuvuja bila mvua, na adui anayelivujisha hatoki angani. Yumo ndani ya nyumba, tena mwenye nyumba humlipia gharama kila mwezi.

Kwetu sisi, habari ya paa linalovuja ni nyepesi kueleweka. Mvua inanyesha, bati limetoboka au msumari umelegea, maji yanapita, nasi tunasogeza kitanda na kutega sufuria. Mvua ikikatika, kuvuja nako hukoma. Lakini katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Minnesota, na katika sehemu kubwa ya Kanada, mtu huweza kuamka asubuhi ya Januari akakuta anga ni samawati, jua linang'aa, hapana wingu hata moja, hewa ya nje iko nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, na papo hapo maji yanachuruzika ukutani mwa sebule yake. Mgeni wa mambo huduwaa. Maji haya yametoka wapi, ilhali kila kitu huko nje kimeganda kikawa jiwe?

Swali hilo si la Wamarekani peke yao. Mji wa Minneapolis na viunga vyake vya Brooklyn Park na Brooklyn Center ni makao ya Wakenya wengi, kadhalika mji wa Lowell katika jimbo la Massachusetts. Baadhi yao walikwenda kusoma, wakabaki kufanya kazi, na hatimaye wakanunua nyumba kwa mikopo ya kulipwa kwa miaka mingi. Hapana shaka kwamba miongoni mwa wanafunzi wanaosoma safu hii wamo watakaowafuata. Mtu aliyekulia Nyamira au Nyeri alijifunza tangu utotoni jinsi ya kukinga maji ya mvua yatokayo paani. Hakuna aliyemfundisha kuishi chini ya paa lililobeba theluji, na gharama ya kutojua ni kubwa: dari iliyoanguka, mbao zilizooza, kuvu ukutani, na akiba ya miaka iliyokwenda kwa mafundi.

Tuanze na umbo la nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mbao, na kati ya dari ya vyumba na paa kuna nafasi yenye giza ambayo nitaiita uvungu wa paa. Vyumba vilivyo chini hupashwa joto kwa tanuri mchana na usiku, mpaka vifike nyuzi 20 hivi. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, nayo hupanda. Hupenya katika kila tundu la dari: kando ya taa zilizochimbiwa humo, pembeni mwa mabomba, kuzunguka dohani, na katika kifuniko cha mlango mdogo wa kupandia juu. Ikishafika uvunguni, huzipasha mbao za paa joto kutoka upande wa chini.

Juu ya mbao hizo imelala theluji. Wengi huidhani theluji kuwa ni baridi tupu, na hapo ndipo wanapopotea njia. Theluji iliyoanguka karibuni ni hewa zaidi kuliko kitu kingine chochote. Aghalabu sehemu tisa katika kumi za ujazo wake ni hewa iliyonaswa kati ya chembe za barafu. Hewa iliyotulia hivyo ni kihami bora cha joto, kama ilivyo ndani ya manyoya ya ndege au blanketi la sufu. Theluji basi hulifunika paa blanketi. Kadiri inavyozidi unene ndivyo joto linavyokosa pa kutokea, hadi upande wa chini wa theluji, ule unaogusa paa, hufikia nyuzi sifuri na kuanza kuyeyuka, ingawa upande wake wa juu ungali umeganda.

Maji yanayozaliwa hapo huteremka kimyakimya chini ya theluji, yakielekea upenuni. Upenu, kama tujuavyo, hutokeza nje ya ukuta. Chini yake hapana chumba wala tanuri, na hewa ya baridi huupiga juu na chini. Maji yakifika hapo huganda. Yanayofuata huganda juu ya yale ya kwanza. Siku baada ya siku hujengeka ukuta wa barafu ukingoni mwa paa, na maji mapya yakija nyuma yake hukosa njia, yakatuama. Hilo ndilo bwawa la barafu, na ziwa lake liko juu ya vichwa vya watu waliolala.

Sasa tuvitazame vigae. Paa nyingi za huko huezekwa kwa vigae vya lami vilivyopangwa mithili ya magamba ya samaki, cha juu kikikilalia cha chini. Mpangilio huo hufaa sana kwa maji yanayoshuka. Haukukusudiwa maji yaliyosimama. Ziwa lile likiongezeka kina, maji husukumwa kurudi nyuma, yakapanda chini ya kigae, yakapenya penye msumari na penye kiungo cha mbao, yakalowesha sufi ya glasi iliyotandazwa uvunguni ili kuhami joto, na mwishowe yakatokeza katika dari ya sebule.

Kwa ufupi, mambo matatu hukutana: theluji juu ya paa, sehemu ya juu ya paa iliyozidi nyuzi sifuri, na ukingo wake ulio chini ya sifuri. Likikosekana moja, bwawa halijengeki. Theluji hatuwezi kuizuia isianguke, wala baridi ya nje hatuna uwezo nayo. Lililo mikononi mwa mwenye nyumba ni lile la kati, yaani joto lake mwenyewe linalomtoroka.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu, apime ukubwa wa utoro huo. Chukua paa lenye eneo la mita mraba 100. Ikiwa theluji iliyoyeyuka juu yake ingetoa maji ya kina cha sentimita 1 tu, tungepata mita moja ya ujazo, yaani kilo 1,000 za maji. Kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi hizo hizo sifuri. Hilo ndilo joto fiche, nalo si haba: lingetosha kuyapasha maji yale yale kutoka sifuri hadi nyuzi 80 hivi. Kilo 1,000 basi zinahitaji kilojuli 334,000, sawa na uniti 93 za umeme kwa kukadiria. Jua huweza kuchangia kiasi mchana, lakini usiku, chini ya theluji nene, hapana mlipaji mwingine ila mwenye nyumba. Amelipia joto ili apate maji darini.

Nimewahi kusimama katika mtaa mmoja wa Minneapolis na kuona nyumba mbili zilizopakana, zenye umri na umbo moja. Paa la kwanza lilikuwa jeupe pe, theluji imelala juu yake bila kuguswa, na upenuni hamkuwa na kitu. Paa la pili lilikuwa na mabaka meusi yaliyokwisha kuyeyuka, na ukingoni mwake vilining'inia vijiti vya barafu virefu kama mikuki, ving'aavyo juani. Wapita njia waliipiga picha nyumba ya pili kwa uzuri wake. Yafaa mwalimu awaulize wanafunzi: ni nyumba ipi kati ya hizo mbili iliyo salama? Wengi watajibu kuwa ni ile ya pili, kwa sababu imeanza kuondokewa na theluji. Jibu sahihi ni ile ya kwanza. Paa lililobaki jeupe ni ushahidi kwamba joto limebaki vyumbani lilikokusudiwa, na mikuki ile mizuri ni hati ya mashtaka.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Katika miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani inayoshughulikia maeneo ya baridi, iliyoko Hanover katika jimbo la New Hampshire, walichunguza majengo yaliyokuwa yakisumbuliwa na barafu upenuni. Waliona kwamba tatizo halizuki iwapo uvungu wa paa hauzidi nyuzi 1 chini ya sifuri wakati hewa ya nje ni nyuzi 5.5 chini ya sifuri. Maana yake ni nyepesi: paa salama katika theluji ni paa baridi.

Wakazi wa Boston walilipata somo hilo kwa njia ngumu. Katika majira ya baridi yaliyoanza mwishoni mwa 2014 na kuendelea hadi 2015, mji huo ulipokea sentimita 281 za theluji, kiasi kilichovunja rekodi yake ya awali. Nyingi kati ya hizo zilianguka kwa majuma machache tu kuanzia mwisho wa Januari, baridi ikazuia zisiyeyuke kati ya dhoruba moja na nyingine. Mabwawa ya barafu yalitanda katika nyumba za mji na vitongoji, na paa ambazo hazikuwahi kuvuja zikavuja.

Tuseme basi kwamba balaa limeshatokea. Ni saa nane za usiku, maji yanatiririka. Mwenye nyumba afanye nini? Kwanza, ajali watu kabla ya vitu. Ikiwa maji yako karibu na taa au soketi, azime umeme wa sehemu hiyo, mradi asilazimike kukanyaga maji ili kuifikia swichi. Awaondoe watoto na wazee chini ya dari iliyovimba. Dari za huko hutengenezwa kwa bodi za jasi, na bodi ikivimba kama tumbo imebeba maji. Ikiachwa huweza kuanguka yote kwa mpigo. Aweke ndoo chini, asimame kando, kisha atoboe tundu dogo kwa bisibisi katikati ya uvimbe ili maji yashuke kwa utaratibu. Halafu apige picha za kila kilichoharibika, kwani watu wa bima watazihitaji.

Pili, ikiwa uvungu wa paa wafikika kwa usalama, akanyage boriti tu, asije akaitumbukia dari. Apeleke feni huko, aiweke mahali pakavu, na kuielekeza penye maji yanayoingia, ili hewa baridi ya uvunguni ipigwe hapo. Baridi ikitosha, maji yatagandia njiani na mvujo utapungua au kukoma. Jambo hili huwashangaza watu: maradhi yanaonekana kama ya baridi, na dawa ya haraka ni kuongeza baridi. Aliyeelewa asili ya tatizo hatashangaa.

Tatu, kukipambazuka, asimame chini, asipande juu, na kwa reki ya theluji yenye mpini mrefu aivute theluji kutoka ukingo wa paa kadiri atakavyofikia. Ajihadhari na nyaya za umeme na barafu inayoporomoka. Pasipo theluji hapana maji mapya ya kulijaza ziwa. Nne, ikiwa ukingo wafikika kutoka dirishani, huweza kujaza soksi ndefu ya kike chembe za kloridi ya kalisi na kuilaza juu ya barafu ikikatisha bwawa kutoka juu kwenda chini, mpaka ichimbe mfereji wa kupitishia maji. Chumvi ya kawaida haifai. Baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake hupungua mno, na isitoshe hula misumari na mifereji ya chuma na kuua mimea iliyo chini.

Yako mambo ambayo hapaswi kabisa kuyafanya. Asichukue shoka wala nyundo, kwa maana vigae katika baridi ile huwa vikavu na hukatika upesi, na atakayevunja kigae ili kuondoa barafu amebadilisha mvujo wa juma moja kwa mvujo wa mwaka mzima. Asitumie moto, kwani nyumba ni ya mbao. Asipande ngazi iliyosimama juu ya barafu. Wapo mafundi wenye mitambo ya mvuke wanaoweza kulikata bwawa bila kuliumiza paa, na hata kama ujira wao ni mkubwa, mguu uliovunjika una gharama zaidi.

Hayo yote ni huduma ya kwanza, nayo haijamponya mgonjwa. Hapa ndipo ninapotaka kutoa rai yangu kwa uwazi. Kosa kubwa ninaloliona katika jambo hili ni watu kuichukua huduma ya kwanza kuwa ndiyo tiba. Barafu inaonekana, basi hasira zote huelekezwa kwake. Wengine hutandaza nyaya za umeme zenye joto ukingoni mwa paa ili kuyeyusha njia. Huweza kusaidia, lakini hutumia umeme zaidi ili kufukuza matokeo ya joto lililokwisha kupotea. Ni kulipa mara mbili. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa sehemu zenye historia ya mabwawa haya zinataka pawepo utando usiopitisha maji chini ya vigae, kutoka ukingoni hadi angalau sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Hiyo ni kinga njema, na kila anayenunua nyumba aulize kama ipo. Hata hivyo, utando huzuia maji yasiingie. Hauzuii barafu isijengeke.

Tiba yenyewe ina hatua tatu, na utaratibu wake una maana. Ya kwanza ni kuziba matundu yote ya dari yanayopitisha hewa ya joto. Ya pili ni kuongeza unene wa kihami joto juu ya dari, bila kusahau pembe zilizo karibu na upenu, ambako mara nyingi huwa chembamba. Ya tatu ni kuacha njia ya hewa ya nje iingie upenuni na kutokea kileleni mwa paa, ili uvungu ubaki baridi. Anayeanza na ya pili akaiacha ya kwanza amelaza blanketi juu ya dirisha lililo wazi. Kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi, ambapo hapana anayekumbuka theluji, na hiyo ndiyo sababu haifanywi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema sisi. Huko, usipoziba ufa wa dari, barafu ndiyo itakayokujengea ukuta, na juu ya paa lako.

Huenda mwalimu akauliza: yote haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kenya ambaye hajawahi kuiona theluji isipokuwa kileleni mwa Mlima Kenya, tena kwa mbali? Yanamhusu kwa sababu fizikia yake yote ni ile ile aliyoifundishwa: hewa ya joto hupanda, hewa iliyonaswa huhami joto, barafu huhitaji joto fiche ili iyeyuke. Mambo hayo matatu hukaririwa katika kurasa tofauti, hutahiniwa katika maswali tofauti, na hayakutanishwi. Mwanafunzi hupata alama zake akayasahau. Kisha miaka 15 baadaye mtu huyo huyo, akiwa ametoka kazini usiku huko Minnesota, husimama chini ya dari iliyovimba akiwa na shoka mkononi, bila kufahamu kwamba jibu la tatizo lake lilikuwa katika daftari aliloliacha nyumbani kwa wazazi wake.

Simlaumu mwalimu anayekimbizana na silabasi na madarasa yaliyofurika. Nasema tu kwamba dakika 40 zinatosha. Achore nyumba ubaoni, na theluji juu yake, na tanuri chini. Asiseme bwawa hujengeka vipi. Awaulize wanafunzi maji yametoka wapi siku isiyo na mvua, awaache wabishane mpaka wafike wenyewe kwenye tundu lililo kando ya taa ya dari. Atakayelifikia tundu hilo kwa akili yake hatalisahau, na siku akipata nyumba yake, popote itakapokuwa, ataanza kwa kukagua ndani kabla ya kulilaumu anga.